Kulinda kompyuta za shule: anza mezani kwa mhasibu

Katika shule nyingi za Dar es Salaam, chumba kinacholindwa kuliko vyote ni maabara ya kompyuta: nondo madirishani, kufuli mbili mlangoni, daftari la kusaini. Mashine za humo zikiibwa zote usiku mmoja, shule itaumia mfukoni, itanunua nyingine na masomo yataendelea. Kompyuta ambayo ikiharibika shule inasimama iko kwingine. Iko mezani kwa mhasibu au kwa mwalimu wa taaluma. Inatumiwa na watu wanne kwa nywila moja iliyobandikwa pembeni ya kioo, na ndani yake kuna alama za miaka kadhaa, orodha ya ada, namba za simu za wazazi na barua pepe ya shule isiyofungwa mchana wala usiku.

Mwongozo huu umelenga shule ya kawaida ya Temeke, Ubungo au Kigamboni: kompyuta tano hadi arobaini, mwalimu wa TEHAMA ambaye pia ana vipindi vya hesabu, na bajeti ambayo kila mwaka inaliwa na toner. Kazi kubwa inaweza kufanyika ndani ya wiki mbili za likizo, na sehemu yake kubwa haihitaji kununua kitu.

Jua kwanza ulicho nacho

Chukua daftari na upite ofisi kwa ofisi. Kwa kila kompyuta andika inakaa wapi, nani anaitumia, ina taarifa gani, na Windows ya toleo gani. Toleo utaliona ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ukaandika winver na kubonyeza Enter. Andika pia kila akaunti ya shule: barua pepe, mfumo wa matokeo, akaunti za mifumo ya NECTA na TAMISEMI, ukurasa wa Facebook, kundi la WhatsApp la wazazi. Mbele ya kila akaunti weka jina la anayejua nywila na namba ya simu inayotumika kuirejesha ikipotea.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokutoa jasho. Mara nyingi barua pepe ya shule ilifunguliwa na mwalimu kwa simu yake mwenyewe, na mwalimu huyo alihamishwa mkoa miaka mitatu iliyopita. Namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine akibonyeza "umesahau nywila", ujumbe wa kurejesha akaunti ya shule yako unaingia kwenye simu yake. Kwa hiyo sajili laini kwa jina la shule, iweke kwenye simu ndogo ya batani inayokaa ofisini kwa mkuu, na uhamishie akaunti zote kwenye namba hiyo. Weka pia vishikwambi vya walimu kwenye orodha. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kugawiwa walimu vina alama za wanafunzi kama kompyuta yoyote, na vingi havina hata namba ya kufungulia kioo.

Mashine za Kariakoo

Kununua kompyuta ya mtumba si kosa. Dell na HP za ofisi zilizotoka nje ni imara kuliko mpya nyingi za bei hiyo. Tatizo ni maneno ya muuzaji: "Nimeshakuwekea kila kitu, bosi." Kila kitu maana yake ni Windows na Office zilizovunjwa kufuli kwa programu ya wizi, na programu hizo huwa na sharti moja: uzime kwanza kinga ya virusi, au uiambie isiliangalie folda fulani. Mlango huo ukishafunguliwa haufungwi tena. Virusi vinavyoingia humo kwa kawaida havifanyi fujo. Vinakusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye Chrome na kuzituma kwa mtu asiyejua hata Dar es Salaam iko wapi, ambaye ataziuza.

Angalia sasa hivi. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Kwenye kompyuta ya ofisi orodha hiyo iwe tupu. Ukikuta folda au diski nzima ya C imeorodheshwa, ichukulie mashine hiyo kuwa imeshaingiliwa: usiingize nywila yoyote ndani yake, hamisha nyaraka tu bila programu, futa diski na uweke Windows upya kwa kutumia zana ya kupakua ya Microsoft na flashi ya GB 8. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotengenezwa baada ya 2012 zina leseni ya Windows ndani ya ubao mama, hivyo ukiweka toleo lilelile zilizotoka nalo kiwandani, zikipata intaneti zinajihalalisha zenyewe bila ujanja wowote. Badala ya Office ya kuvunja, weka LibreOffice. Itafungua mafaili ya Word na Excel yaliyopo. Baadhi ya majedwali yatasogea kidogo, na mhasibu atalalamika wiki moja.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11, kwa kawaida yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba kushuka chini, isibaki kwenye meza ya mhasibu. Ipeleke maabara na uiwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Anayeona masasisho ni usumbufu wa bando akumbuke WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai fedha: Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, Machi 2017, kirusi kikaenea duniani tarehe 12 Mei mwaka huohuo, na waliolia wengi ni wale waliokuwa hawajaweka kiraka cha miezi miwili nyuma. Panga masasisho Jumamosi asubuhi, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ikiwa imejaa. Umeme ukikatika katikati ya sasisho Windows inaweza kushindwa kuwaka, na hapo ndipo watu wanapoapa kutosasisha tena.

Akaunti na nywila

Kila kompyuta ya ofisi iwe na akaunti mbili au zaidi. Moja ya msimamizi, ambayo hutumika kuweka programu tu na nywila yake inajulikana na watu wawili. Nyingine za kawaida, moja kwa kila mtumiaji. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Accounts, Other users, Add account. Ukishaiunda hakikisha aina yake ni "Standard user". Faida yake inaonekana siku mtu anapobonyeza faili baya: kirusi kinachotaka kugusa mfumo mzima kinaomba nywila ya msimamizi, mtumiaji hanayo, na mara nyingi madhara yanabaki kwenye akaunti yake tu.

Nywila nzuri ni ndefu kuliko ilivyo ngumu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, kama kivuko, radi, chaki na embe, utenganishe kwa vistari. Mfano huu usiutumie, umeshachapishwa. Usichukue methali wala jina la shule na mwaka. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili atajaribu hivyo kabla ya kengele ya mapumziko. Kila akaunti iwe na yake, na zote zihifadhiwe kwenye programu kama Bitwarden au KeePassXC. Nywila kuu iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, ikae kwenye sefu ya mkuu wa shule. Karatasi kwenye sefu ni salama kabisa. Karatasi chini ya kibodi ndiyo balaa.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe na kila mfumo unaouruhusu. Ukiweza chagua programu ya kutoa namba kwenye simu badala ya meseji, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa na tapeli. Google itakupa misimbo 10 ya akiba. Ichapishe, itie kwenye bahasha ileile. Mwisho wa Desemba 2024 kampuni ya Marekani iitwayo PowerSchool, ambayo mfumo wake unatunza taarifa za mamilioni ya wanafunzi, iliingiliwa kwa njia ya kawaida kabisa: nywila iliyoibwa, kwenye mlango wa huduma kwa wateja ambao haukudai hatua ya pili. Wezi hawakuhitaji kuvunja chochote.

Mwalimu akihama, nywila zibadilishwe siku anayokabidhi ofisi, pamoja na funguo. Liandike hilo kwenye fomu ya makabidhiano, la sivyo litaonekana kama kumshuku mtu.

Flashi na steshenari ya jirani

Fuata safari ya mtihani wa muhula. Mwalimu anautunga nyumbani kwenye kompyuta mpakato, anauweka kwenye flashi, anapita steshenari karibu na kituo cha daladala, anachapa nakala moja na kutoa kopi mia moja na ishirini. Kijana wa steshenari, kwa kuwa flashi "inasumbua", amelivuta faili hadi kwenye desktop yake. Mwalimu analipa, anaondoka. Faili limebaki pale mezani, na jioni wanafunzi wa shule hiyohiyo wanakuja kuchapa kazi zao. Flashi nayo imerudi na mgeni: kesho yake inachomekwa kwenye kompyuta ya taaluma.

Mtihani kuvuja na kirusi kuingia ni safari moja, na dawa yake pia karibu ni moja. Iliyo bora ni shule kuwa na printa yake ya leza. Kama bado, fanya hivi. Hifadhi mtihani kama PDF yenye nywila: ndani ya Word chagua Save As, aina ya faili PDF, bonyeza Options, weka alama kwenye "Encrypt the document with a password". Word itakuomba nywila ya herufi 6 hadi 32. Steshenari, fungua faili wewe mwenyewe na uandike nywila wewe mwenyewe, uchape, ufunge. Nakala itakayobaki kwenye mashine yao haitafunguka. Kama ulituma kwa WhatsApp ya kompyuta yao, kabla hujatoka fungua simu yako, ingia "Linked devices" na uitoe kompyuta hiyo. Wengi husahau hatua hii, na WhatsApp yao inabaki wazi mbele ya kila mteja anayefuata.

Flashi ya steshenari iwe ya kazi hiyo tu. Ipake rangi ya kucha nyekundu ili isichanganywe na nyingine. Ikirudi, ifomatiwe kabla ya kutumika tena, na isiingie kwenye kompyuta ya mhasibu kwa sababu yoyote.

Kirusi kinachosumbua zaidi kwenye flashi ni kile cha shotikati. Unafungua flashi, folda zako zinaonekana na vimshale vidogo pembeni, ukubwa wake KB 1 au 2. Folda halisi zimefichwa. Ulichokiona ni shotikati zenye majina yaleyale, na kubonyeza mojawapo ndiko kunakokiamsha kirusi. Kwa hiyo usibonyeze. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, iskani kwanza, halafu fungua Command Prompt na uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitarudi kuonekana. Nakili nyaraka tu, acha shotikati na faili lolote usilolijua, kisha fomati flashi. Kama shotikati zinarudi kila unapochomeka, anayeumwa ni kompyuta, flashi imeambukizwa tu. Zima pia AutoPlay, inayofungua flashi yenyewe ikichomekwa, kwenye mashine zote za ofisi.

Na kabla ya kuiamini flashi ya "GB 128" iliyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw. Inaijaza yote na kusoma tena kilichoandikwa. Flashi bandia hukubali faili, huonyesha jina lake, na ndani hakuna kitu.

Alama na majedwali

Kwenye Excel kuna vitu viwili vinavyofanana jina na kutofautiana sana kazi. "Protect Sheet" inazuia mtu asifute hesabu kwa bahati mbaya. Kuivunja ni suala la dakika chache na maelekezo yamejaa YouTube. Kinachofunga faili kweli ni File, Info, Protect Workbook, "Encrypt with Password", na faili liwe la .xlsx, si .xls ya zamani ambayo kinga yake ni dhaifu. Ukiisahau nywila hiyo Microsoft haina namna ya kukusaidia, ndiyo maana inaingia kwenye ile bahasha ya sefu.

Wanaotumia Google Sheets kujaza alama kwa pamoja wachunguze kitufe cha Share. Kikiwa kwenye "Anyone with the link" na "Editor", kiungo kikidondoka kwenye kundi la wanafunzi, mwanafunzi anaweza kujipandishia Fizikia kutoka 34 hadi 43 na hakuna atakayeshtuka; ni tarakimu mbili tu zimebadilishana nafasi. Weka "Restricted", ongeza walimu kwa barua pepe zao, mmoja mmoja. Kila mwisho wa kujaza fungua File, Version history, uone nani alibadilisha nini. Siku ya kufunga alama, chapisha orodha, mwalimu wa somo asaini kila ukurasa. Karatasi iliyosainiwa ndiyo itakayomaliza ubishi wa nini kilikuwepo kabla.

Kuna tabia moja inayohitaji kukoma: kutuma PDF ya darasa zima kwenye kundi la wazazi, majina, alama, nafasi na wakati mwingine deni la ada, yote ukurasa mmoja. Mzazi apelekewe ya mwanawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Shule inayokusanya taarifa hizo inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkuu wa shule asiyejua kama shule yake imesajiliwa aulize wiki hii.

Msimu wa ada

Januari ni mavuno ya matapeli. Njia yao kwa shule binafsi haina teknolojia ya ajabu: mtu anaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, au analipata jina la mwanafunzi na namba ya mzazi kutoka kwenye orodha iliyosambaa. Kisha meseji inakuja: "Habari mzazi wa Neema, akaunti ya shule ina hitilafu, ada tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mhasibu msaidizi." Ni mjukuu wa ile "hela tuma kwenye namba hii" tuliyoizoea, ila huyu anajua jina la mtoto.

Namba ya akaunti ichapishwe kwenye fomu ya kujiunga na kwenye ubao wa matangazo getini, pamoja na sentensi hii: shule haibadilishi akaunti ya malipo kwa meseji wala kwa simu; ukipata ujumbe wa namna hiyo piga namba iliyo kwenye fomu hii. Isomwe pia kwenye mkutano wa wazazi, kwa sauti, mara mbili. Kundi la WhatsApp lipangwe ili wasimamizi tu waandike, na wasimamizi wawe wawili au watatu wenye PIN ya hatua mbili: Settings, Account, Two-step verification. Tapeli anayetaka kuteka akaunti ya msimamizi atapiga simu akijifanya mzazi mgeni na kuomba "namba sita zilizoingia kwako kwa makosa". Namba hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Hazitajwi kwa mtu, hata awe mwenyekiti wa bodi.

Mhasibu asitoe risiti kwa kuona meseji kwenye simu ya mzazi. Meseji ya malipo inaweza kutungwa na yeyote. Risiti itolewe baada ya fedha kuonekana kwenye taarifa ya benki au ya mtandao wa simu wa shule yenyewe. Na mabadiliko ya akaunti ya mlipwaji yeyote, awe msambazaji wa vitabu au fundi wa basi, yathibitishwe kwa kupiga namba iliyokuwepo kwenye faili kabla. Namba iliyoandikwa kwenye barua ya mabadiliko isitumike, maana kama barua ni ya tapeli na namba ni yake.

Namba ya tapeli unaitoa taarifa kwa kutuma meseji kwenda 15040. Piga pia *106# mara kwa mara uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa.

Ruta, waifai na maabara

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Fungua ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ubadilishe nywila ya usimamizi. Zilizo nyingi bado ni admin. Zima WPS, njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila. Kwenye aina ya kinga ya waifai chagua WPA2 au WPA3. Tengeneza mitandao miwili: wa ofisi, na wa wageni kwa ajili ya wanafunzi, simu za walimu na kamera. Ndiyo, hata kamera za ulinzi na simu za walimu. Kinasa picha chenye nywila ya kiwandani ni kompyuta iliyo wazi ndani ya nyumba yako. Nywila ya waifai ya ofisi ikiwekwa kwenye simu moja tu ya mwalimu, simu hiyo inaweza kuonyesha QR na darasa zima likaingia kabla ya kipindi kwisha.

Kwenye mtandao wa wanafunzi weka DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za virusi na za ngono. Mwanafunzi mjanja ataizunguka kwa VPN, lakini itawazuia wengi na kuokoa bando. Maabara iwe na programu ya kurejesha hali ya mwanzo, kama Deep Freeze: kila kompyuta ikizimwa na kuwashwa, uchafu wote wa kipindi unatoweka. Wanafunzi waambiwe mapema kazi zao wahifadhi wapi, la sivyo kilio cha kwanza kitakuwa chao.

Nakala rudufu

Ukikosa muda wa kufanya mengine yote, fanya hili. Nunua diski mbili za nje za TB 1. Taarifa za ofisi ya shule, ukitoa video za mahafali, ni GB chache, hivyo ukubwa hautakusumbua. Kila Ijumaa saa nane mchana mhasibu au mwalimu wa taaluma achomeke diski A, anakili folda za ofisi kwenye folda mpya yenye tarehe, achomoe, aifungie sefuni. Ijumaa inayofuata zamu ya diski B, ambayo wiki nzima ilikuwa nje ya shule. Nakala ya tatu iwe mtandaoni, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Kuchomoa ndiyo kiini cha zoezi. Programu za kuteka mafaili na kudai fedha huanza na diski ya ndani, kisha zinatafuta kila kitu kilichounganishwa, na diski ya nakala iliyoachwa kwenye USB inatekwa pamoja na nyingine. Google Drive au OneDrive peke yake nayo haitoshi: faili likiharibiwa kwenye kompyuta, uharibifu unanakiliwa juu. Faili lililotupwa kwenye Google Drive hukaa kwenye pipa siku 30, halafu halipo. Kosa likigundulika baada ya likizo ya Desemba, siku hizo zimeshapita.

Shule za mabondeni, kuanzia Jangwani hadi kingo za mito mingine ya jiji, zisiweke sefu ya diski sakafuni. Masika ya Dar es Salaam hayahitaji mdukuzi.

Mara moja kila muhula, chukua diski moja, ichomeke kwenye kompyuta tofauti, na ufungue mafaili matano uliyoyachagua ovyo: alama za darasa moja, orodha ya ada, barua ya zamani. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwa na kawaida ya kuwa tupu siku ya haja. Mara folda haikuwa yenyewe, mara iliyonakiliwa ni shotikati ya folda.

Likishatokea

Mwanzoni mwa Septemba 2022 wilaya ya shule ya Los Angeles, yenye wanafunzi zaidi ya 400,000, ilivamiwa wikendi ya sikukuu, wakati ofisi hazina watu. Wavamizi hupenda siku hizo. Likizo ikianza, zima kompyuta za ofisi na ruta. Kompyuta iliyozimwa haitekwi.

Ukikuta mafaili yamebadilika majina na kuna tangazo la kudai malipo, chomoa waya wa mtandao na uzime waifai ya mashine hiyo mara moja, kisha zile zilizo jirani. Usifute kitu wala kumwita fundi wa kufomati. Piga picha ya kioo kwa simu. Kwa kutumia kompyuta nyingine safi, badilisha nywila ya barua pepe ya shule kwanza, kisha utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, kisha benki. Barua pepe inatangulia kwa sababu nywila nyingine zote hurejeshwa kupitia kwake. Piga simu benki na kampuni ya simu wazuie miamala. Andika saa ya kila hatua.

Kisha toa taarifa. Polisi, kwa kuwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. TZ-CERT, kikosi cha TCRA kinachoshughulikia matukio ya aina hii. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, bila kuchelewa, kama taarifa za wanafunzi zimeguswa. Na wazazi, kwa barua fupi inayosema taarifa gani zimetoka na wategemee utapeli wa aina gani. Wakisikia kwanza kutoka kwa tapeli, hawataiamini barua yako ya pili.

Usilipe. PowerSchool walilipa ili taarifa zifutwe. Mei 2025 shule zilizokuwa zikiutumia mfumo huo zilianza kupokea vitisho vipya kwa taarifa zilezile. Peleka mfano wa faili lililotekwa pamoja na tangazo la wavamizi kwenye tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, ambao hutoa funguo bure kwa aina kadhaa za programu hizi. Kama ufunguo haupo leo, chomoa diski iliyotekwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, uihifadhi, na uweke diski mpya kwenye mashine. Funguo nyingine hutolewa miaka baadaye, polisi wa nchi fulani wanapokamata seva za wavamizi.